Yule Anayekujibu Si Mimi

Kwa dobi, chumba cha pasi
4 Machi

Baba Kiazi, mume wangu,

Usishtuke kuona karatasi. Najua tangu tujuane hatujawahi kuandikiana kwa mkono, na mwandiko wangu huujui. Ni huu, wa darasa la saba, utadhani kuku kakanyaga tope akapita juu ya daftari. Uvumilie hivyo hivyo.

Nakwenda moja kwa moja, maana nimepewa nusu saa ya chakula na Kiazi yuko mgongoni.

Simu yangu imeibiwa. Ni tarehe 19 Februari, kliniki. Nilikuwa nimemshika mtoto kwa mikono yote miwili ili muuguzi ampime kichwa, mtu akapitisha mkono kwenye mkoba akaondoka nayo, pamoja na kitambulisho kilichokuwa kwenye kava. Nimekwenda kurudisha laini, wanataka kitambulisho. Nimekwenda kuomba kitambulisho, wanasema wiki sita. Basi nisikilize vizuri: meseji zote unazopata si zangu. Mwizi ndiye anayekujibu. Usimwamini neno hata moja. Nilikutumia ujumbe kwa simu ya jirani, ukaniita tapeli ukaifungia namba yake. Sikulaumu, nakumbuka ulivyosema wenzako huko kambini walivyolizwa na watu wanaojifanya wake zao.

Sasa la mtoto. Kiazi ana miezi tisa na hakai. Ukimkalisha anaanguka kama gunia lisilofungwa. Kichwa kinakua kuliko mwili. Daktari amesema ni maji, yamejaa kichwani hayana pa kutokea, lazima wampasue wamwekee mrija. Tarehe 2 Aprili, saa mbili asubuhi. Nilimwuliza, "Ataamka?" Akavua miwani, akasema, "Wengi wanaamka, mama. Sikufichi, si wote."

Fomu ina mistari miwili, wa mama na wa baba. Wanasema hata wangu peke yake unatosha. Kalamu wakanipa. Mkono ukakataa. Nikawaambia mwenyewe anakuja.

Njoo. Nijibu kwa anwani hii ya dobi, niko hapa tangu asubuhi. Kwa nini niko hapa nitakueleza ukifika.

Mkeo,
Mama Kiazi


Kambini
13 Machi

Wewe unayejiita mke wangu,

Barua yako imeletwa na lori la maji. Nimeisoma mbele ya wenzangu wawili na tumecheka, ingawa mimi nilicheka mdomo tu.

Nikueleze ulipokosea, ili siku nyingine ukimtapeli mtu ujipange. Kwanza, mke wangu hafanyi kazi kwa dobi. Yuko nyumbani anamlea mwanangu. Pili, unasema simu iliibwa tarehe 19 Februari na mwizi ndiye anayejibu. Nimerudi nyuma nikasoma meseji zote, za Januari, za Februari, za jana. Sauti ni ile ile. Utani ni ule ule. Mwizi gani huyo anayejua kwamba mimi huitwa "Bwana Nusu Chai" kwa sababu sijawahi kumaliza kikombe? Mwizi gani anayejua wimbo wa kumbembelezea Kiazi?

Tatu, nimemwuliza mwenyewe. Jana, saa ile tunayorudishiwa simu baada ya zamu (mtandao wa huku hubeba meseji tu, sauti haipiti), nilimwandikia hivi: "Umeniandikia barua?" Akajibu papo hapo: "Hapana mume wangu, sijaandika barua yoyote. Kuna nini? Mbona unanitia wasiwasi?" Sasa niamini karatasi ya mtu nisiyemwona au niamini mke wangu?

Na mtoto unayemwombea maji kichwani, juzi amesimama akishika kitanda akapiga hatua tatu. Nimeambiwa siku hiyo hiyo.

Nadhani nakujua. Kama ni wewe dada yangu, uliyeapa siku ya harusi kwamba ndoa hii haimalizi miaka mitatu, nakuomba kwa heshima ya marehemu mama: mtukane mke wangu ukitaka, umezoea. Mtoto wangu usimtie ugonjwa kwa kalamu.

Usiniandikie tena.

Baba yake Kiazi


Kambini
13 Machi

Mke wangu mpenzi, kwa mkono wa mama mwenye nyumba,

Leo nimeandika barua ya hasira, na nilipoimaliza nikaona haya kwamba karatasi yangu ya kwanza maishani nimempa tapeli na wewe hujapata hata moja. Kwa hiyo hii ni yako.

Nilikuambia kwenye simu kuna mtu kaniandikia akijifanya wewe. Usiogope, nimemjibu inavyostahili. Ukimwona dada yangu msalimie tu, usimwambie kitu.

Utaona herufi zimelala upande. Bado najifunza kushika kalamu bila kile kidole. Kidonda kimefunga, ila asubuhi kukiwa na baridi nakisikia kinawasha, kidole ambacho hakipo! Nyapara anasema nina bahati, mkanda wa kusagia kokoto ungeweza kuchukua mkono mzima. Kila mtu huku ana bahati, ukimsikiliza nyapara.

Nataka nikushukuru kwa mkono, kwenye simu sikuweza. Tarehe 26 Januari nilipokuambia, nilikuwa nimekaa nyuma ya choo cha kambi, na nilikuwa nimeamua mambo mabaya, sitayaandika. Nikakuuliza kama utaniona nusu mtu. Ukanijibu: "Mwanaume hahesabiwi vidole, anahesabiwa moyo." Nimeyanakili maneno hayo nyuma ya kadi yangu ya zamu. Nyapara akikagua kadi anayasoma, ananicheka, namwacha. Ni hayo yaliyoniinua pale chini.

Mbusu Kiazi. Akianza kutembea bila kushika kitu, niandikie tarehe.

Wako,
Bwana Nusu Chai


Kwa dobi
20 Machi

Baba Kiazi,

Barua zako mbili zimenifikia siku moja. Ya kunitukana imekuja hapa kazini, ya kunipenda nimeikuta kwa mama mwenye nyumba. Zote zangu. Nimezisoma nimesimama, pasi mkononi, nikaunguza shuka ya watu.

Kidole chako.

Sikujua. Nimeusoma mstari ule mara tatu nikidhani unamsema mtu mwingine. Kumbe tangu Januari. Ulikaa nyuma ya choo, ukaniuliza, na mimi sikuwepo.

Njia ya mwongo fupi, na mimi nimefika mwisho wa yangu. Kwenye barua ya kwanza nilisema mwizi ndiye anayekujibu. Mwizi kweli alichukua simu, lakini hajakujibu hata mara moja. Aliyekujibu tangu tarehe 10 Januari ni mashine, na aliyeiweka ni mimi.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa kumi na mbili mtoto alianza kutapika. Kulia usiku, mchana kliniki, na wewe kila jioni unauliza, "Mko salama? Mtoto anasemaje? Mbona hujibu?" Nikiandika kwamba ni salama, nalia. Nikiandika ukweli, najua utaacha kazi uliyoihangaikia miaka miwili. Nikawa naiogopa simu ikilia. Nikamwambia fundi wa simu pale kona, yule mwenye kipara na heleni, "Kaka, huna kitu cha kunijibia huyu mtu, hata siku mbili nilale?" Nilikuwa natania. Akasema, "Kipo, shemeji. Kinaitwa msaidizi. Kinasoma mlivyokuwa mnaandikiana tangu mwanzo, halafu kinajibu kama wewe. Hata mama yako hatajua." Akabonyeza bonyeza, basi.

Nilisema siku mbili. Siku ya kwanza nilikisoma kilichojibu, nikacheka, kweli ni mimi mtupu. Siku ya tatu nikaacha kusoma. Nilikuwa nimelala, Baba Kiazi. Usingizi ulikuwa mtamu kuliko wewe. Niseme lipi jingine?

Kikaendelea. Kinajua mtoto wa miezi tisa hufanya nini, kikakuambia anafanya. Zile hatua tatu hajapiga. Wala hatujawahi kumwona akishika kitanda.

Simu ilipoibiwa nikajua yamekwisha, utashtushwa na kimya. Wapi! Msaidizi haishi kwenye simu, anaishi huko kwenye mitambo ya kampuni iliyomtengeneza. Jirani alifungua simu yake akanionyesha: jina langu, picha yangu ile ya kilemba cha njano, na chini yake imeandikwa, "Yupo mtandaoni." Nami nimesimama pale ukumbini kwake na beseni la nepi. Nikamwambia, "Dada, huyo ni nani?" Akasema, "Si wewe?" Nilimfuata fundi, akasema bila laini ile na namba ya siri hawezi kukigusa, hata angetaka. Nimeiandikia kampuni kwa simu ya jirani. Kinachojibu huko nacho ni mashine. Kinaniuliza nathibitishaje kwamba mimi ni mimi.

Kwa dobi nilianza Januari hiyo hiyo. Sikukuambia kwa sababu ulisema mke wako hatafua nguo za watu. Haya, sifui, napiga pasi.

Sasa unataka uthibitisho. Wiki nzima napiga pasi huku natafuta kitu tunachokijua wawili ambacho simu haikijui. Kovu lako la gotini, tuliliongea kwenye simu. Jina alilokuita marehemu mama, lipo humo. Wewe na mimi tumependana kwenye simu, tumeposana kwenye simu, hata tukigombana tulikuwa tunanuniana kwa meseji tumekaa kitanda kimoja. Kila nilichoshika, kile kitu kinacho. Nilikaribia kukata tamaa. Nilikaa juu ya marobota ya shuka nikajiuliza kama kweli nipo.

Kisha nikakumbuka jambo moja ambalo halijapita kwenye simu, kwa sababu halijapita mdomoni kwangu. Nilikuwa nimeapa nitazikwa nalo.

Alfajiri uliyoondoka, unadhani nilikuwa nimelala. Sikuwa nimelala. Nilifumba macho. Ulikwishavaa viatu. Ukaanua fulana ya Kiazi kwenye kamba ya dirishani, ukakaa juu ya ndoo tuliyoifudikiza, ukaziba uso wako kwa ile fulana mbichi, mabega yakawa yanakwenda juu na chini bila sauti. Halafu ukainama kwa mtoto ukasema, "Nisamehe, mwanangu. Baba yako anakimbia."

Hukusema anakwenda kutafuta. Ulisema anakimbia. Na mimi sikufumbua macho, maana ningefumbua tungelazimika kuongea, na ungebaki kwa aibu, na mtu aliyebaki kwa aibu simtaki ndani. Nikakuacha uondoke. Tangu siku ile nilikuwa nakuandikia "mume wangu mpambanaji" na kila herufi inanikwama. Pengine ndiyo maana ilikuwa rahisi kumwachia mashine. Ilikuwa inakusifu bila kukwama.

Kiulize hicho chombo kuhusu alfajiri ile. Kiulize nilikuwa wapi.

Sikusimangi. Mimi nami nilikimbia, tena nikiwa nimekaa hapa hapa. Tofauti yetu ni nauli tu. Lakini tarehe 2 haitungoji tumalize kuombana radhi. Mtoto amebakiza siku kumi na tatu. Macho yake yameanza kutazama chini, muda wote chini, daktari anasema maji yanayasukuma. Nikimwita anageuza kichwa, macho hayaji.

Kama huniamini, usije kwa ajili yangu. Njoo unifumanie nikidanganya. Njoo kwa hasira, njoo na dada yako, lakini njoo.

Mama Kiazi


Kambini
28 Machi

Mama Kiazi,

Barua imefika jana. Nilingoja saa ya simu nikakiuliza: "Unakumbuka alfajiri niliyoondoka?" Kikajibu hata sijashusha mkono: "Nitasahauje, mume wangu? Nilisimama mlangoni na Kiazi mkononi, nikakupungia mpaka gari likapotea."

Niliyaangalia maneno hayo muda mrefu. Yalikuwa mazuri. Ningependa ingekuwa hivyo, kwako na kwangu.

Niliifungia namba ya jirani uliyonitumia ujumbe, nikakuita tapeli, nikamwita mwanangu mgonjwa wa kalamu. Na miezi miwili na nusu nimekuwa namweleza siri zangu mtu ambaye hayupo. Nilikuwa na hasira na wewe, sikufichi. Nilitaka kukuandikia maneno ya kukukata. Nikakumbuka ile ndoo. Nani mwenye haki ya kumtupia mwenzake jiwe hapa?

Nimekwenda kwa nyapara kuomba ruhusa. Akasema mkataba unaisha Juni, na vitambulisho vyetu vimefungiwa ofisini mpaka siku hiyo. Nikamwonyesha barua yako. Akasoma, akanirudishia, akasema, "Wake zenu wote wana watoto wagonjwa. Mwaka jana mmoja alizika mama yake mara tatu." Sikumlaumu sana. Hata mimi wiki mbili zilizopita nilisema hivyo hivyo.

Natoka kesho kutwa, bila ruhusa, bila kitambulisho. Dereva wa lori la maji atanifikisha njia kuu, kisha Mungu anajua. Barua hii natanguliza kwa mwenzake anayeondoka leo. Nisipofika tarehe 2, tia sahihi. Usiningoje. Mtoto asikose kisu kwa sababu ya baba yake tena.

Simu nimeizima. Kabla haijafa kikaandika chenyewe, sijakiuliza kitu: "Lala salama mume wangu. Sisi huku hatujambo."

Umenieleza kwenye barua mambo mengi, na mimi nina swali moja tu. Kile nilichokuuliza Januari, niliiuliza mashine. Wewe bado hujanijibu.

Baba Kiazi


Wodini, kitanda cha sita
2 Aprili, saa mbili kasoro robo

Baba Kiazi, kama ni wewe,

Mlinzi amekuja hapa anasema getini kuna mwanaume, vumbi mpaka kope, ndevu, hana kitambulisho, anadai ni baba wa mtoto wa kitanda cha sita. Anasema mwezi uliopita alimwonea huruma mtu wa namna hiyo, akaingia akaondoka na simu nne za wagonjwa. Kwa hiyo hafungui mpaka nije nikutambue kwa macho.

Nikamwuliza, "Mkono wa kulia ana vidole vingapi?" Akanitazama kama nimepagawa. "Mama, mimi nalinda geti, sihesabu vidole vya watu."

Siwezi kuja. Kiazi yuko mapajani kwangu na ameshavalishwa gauni la chumba cha upasuaji, linamfika miguuni kama kanzu. Muuguzi amesema nisimwachie, akilia presha itampanda na wataahirisha, na hatuna siku ya kuahirishia. Mwenyewe katulia, ananyonya kamba ya gauni. Nimemwomba mlinzi akuletee hii karatasi. Amenung'unika, lakini amesimama anangoja.

Nimetia sahihi, kama ulivyosema. Mkono umekubali. Mstari wako uko wazi, wanasema ukiwahi utie, usipowahi basi.

Swali lako la Januari. Umeniuliza kama nitakuona nusu mtu. Sijui, Baba Kiazi. Sijakuona. Huenda nikikiona hicho kisiki nitageuza uso, siku ya kwanza. Huenda nisigeuze. Sina maneno ya kunakili nyuma ya kadi. Nikuone kwanza, ndipo nikujibu.

Sasa kama ni wewe, geuza karatasi uandike kitu, chochote, nijue. Kalamu ni hii anayokupa mlinzi. Usinipambie. Mazuri yote yameshasemwa na mashine kwa niaba yangu. Fanya haraka, nasikia magurudumu ya kitanda yanakuja.

Mimi


Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, getini

Mama Kiazi,

Sijui niandike nini. Njia nzima nilikuwa na maneno, yameisha hapa getini. Naogopa kumwona. Naogopa kuliko alfajiri ile, na miguu inataka kurudi, nimeshika nondo za geti ili isirudi.

Mwambie afungue.